Kuchaguliwa Tangu Asili

Kitenzi cha Kigiriki proorizo kina vipande viwili: pro ni kabla, horizo ni kuweka mpaka. Mwenye kiwanja hupima na kusimika vigingi kabla msingi haujachimbwa. Ndiyo picha iliyomo. Katika Warumi 8, Biblia ya Union ya mwaka 1952 inakitafsiri kuchagua tangu asili, na ndivyo fundisho lenyewe, kwamba Mungu aliwachagua watu wake tangu mwanzo, linavyoitwa: kuchaguliwa tangu asili.

Maneno mengine yalikuwapo. Kadari ina makao yake katika elimu ya Kiislamu. Ajali, ambayo kwa Kiarabu ni muda uliowekwa, siku hizi ni basi lililopinduka. Majaliwa hutamkwa zaidi mambo yakishatokea, mtu akijifariji. Nguvu ya kuchaguliwa imo katika silabi moja, -wa ya kutendwa, inayomfanya msikilizaji aulize: na nani? Penye mtendaji pana wa kushukuriwa, tena wa kuombwa. Upungufu wake ni kwamba kuchagua hutupeleka mbio kwa walioachwa, kama pumba kando ya ungo, ilhali proorizo hutazama mwisho wa safari: kufanywa wana wa Mungu.

Tena kitenzi hiki kinapenda kukaa penye ibada. Kimo mara sita tu katika Agano Jipya. Katika Matendo 4 kimo ndani ya sala ya waumini wa Yerusalemu, baada ya Petro na Yohana kutishwa na wakuu. Katika Waefeso 1 kinatokea mara mbili ndani ya maneno ya kumhimidi Mungu, ambayo kwa Kigiriki ni sentensi moja ndefu. Katika Warumi 8 kinakuja mara baada ya habari za Roho kuwaombea wasiojua kuomba. Mwanateolojia John Calvin naye, katika toleo la 1559 la kitabu chake kikuu, alizipanga sura za uteule baada tu ya sura ndefu ya maombi.

Kama yameshaamuliwa, ya nini kuomba? Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, aliligeuza swali hilo. Kanisa humwomba Mungu awape imani wasioamini. Lingeomba bure kama mioyo ya watu haimo mkononi mwake. Ushahidi aliutoa nyumbani: mama yake, Monika, alimlilia Mungu kwa ajili yake miaka mingi, hadi mwana akabatizwa Milan mwaka 387. Kwa fundisho hili, machozi yale hayakushindana na mpango wa Mungu. Yalikuwa kigingi kimojawapo alichokisimika mwenyewe.