Aliye Juu Mngoje Chini

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Leo nawaletea kisa cha Nokia ya Finland, iliyokuwa ya kwanza duniani kwa kuuza simu za mkononi.

Msidhani ilikuwa imelala. Mwaka 1996 ilitoa 9000 Communicator, simu iliyofunguka kama kitabu na kutuma faksi na barua pepe. Mwaka 1998 iliungana na Psion, Ericsson na Motorola kuanzisha Symbian, mfumo wa kuendeshea simu. Kwa miaka kadhaa mfumo huo ulitawala simu za kisasa.

Mwaka 2007 Apple ya Marekani ikatoa iPhone. Mwaka uliofuata ikaja simu ya kwanza yenye mfumo wa Android wa Google. Hizo ziliendeshwa kwa kugusa kioo, na mafundi wa programu wakazikimbilia. Symbian ilijengwa zama za vitufe, na kuiandikia programu ilikuwa kazi ngumu. Februari 2011 Nokia ikatangaza kuhamia mfumo wa Microsoft. Mwaka 2014 Microsoft ikainunua biashara yake ya simu, na mfumo huo nao baadaye ukafa.

Aliyeumia ni mnunuzi. Katikati ya 2017 WhatsApp iliacha kuhudumia simu za Symbian. Simu nzima, betri nzima, lakini mazungumzo yamekatika!

Kwa hiyo nasema: ukienda dukani usitazame umbo tu. Uliza mfumo wake utahudumiwa hadi lini.