Programu ya Kupitia na Kuidhinisha Nyaraka: Chora Njia ya Faili Kwanza

Vijana mnaojifunza kompyuta, ipo siku mtapewa kazi hii: ofisi inataka barua, mikataba na madokezo ya malipo yapitiwe na kuidhinishwa kwenye kompyuta, siyo faili kuzunguka meza kwa meza. Kwa macho ni kazi ndogo. Lakini imewatoa jasho hata wakubwa.

Waliolipia somo

FBI ya Marekani ilianza kutengenezewa programu ya Virtual Case File mwaka 2001. Enzi hizo afisa alijaza fomu, akaichapa, bosi akaisaini kwa wino, ndipo ikaingizwa kwenye mfumo. Mahitaji yaliandikwa kurasa zaidi ya 800, tena yakawa yanabadilishwa kazi ikiendelea. Mwaka 2005 mradi ukatupwa, dola milioni 170 zimeshatoka.

Mradi uliofuata, Sentinel, ulianza 2006, nao ukasuasua. Mwaka 2010 FBI wakaushika wenyewe, kazi wakaigawa vipande vya wiki mbili mbili. Tarehe 1 Julai 2012 ukaanza kutumika.

Sasa wewe upange vipi?

1. Fuata karatasi kwa miguu. Nenda masijala, chukua waraka mmoja, uliza nani anaandika rasimu, nani anapitia, nani anasaini mwisho. Chora kwenye daftari. Mara nyingi njia anayoisema bosi siyo ile karatasi inayopita.

2. Tenganisha kupitia na kuidhinisha. Anayepitia anatoa maoni, anayeidhinisha ndiye anayebeba lawama. Na aliyeandika dokezo la malipo asijiidhinishie mwenyewe, hapo ndipo hela zinapopotea.

3. Taja hali za waraka: rasimu, unapitiwa, umerudishwa, umekataliwa, umeidhinishwa. Kwa kila hali andika nani anaruhusiwa kuubadilisha. Ukishaidhinishwa usiguswe tena. Kukiwa na marekebisho, litoke toleo jipya lenye idhini mpya.

4. Bosi akisafiri je? Jua nani anakaimu, na baada ya siku ngapi ukumbusho utumwe. Usipopanga hili, watu watapeana neno la siri ili kazi iende, na hapo sahihi haina maana tena.

5. Weka kumbukumbu ya nani kafanya nini, tarehe na saa ngapi. Watumiaji wasiweze kuifuta, hata bosi.

6. Anza na waraka wa aina moja, mfano fomu ya likizo. Wape watumiaji wachache waijaribu, rekebisha, ndipo uongeze mwingine.

Na malipo yako

Kabla hujagusa kibodi, andikianeni na mteja: kipande cha kwanza ni kipi, kitahesabika kimeisha kikifanya nini, na kitalipwa lini. Akiongeza jambo jipya katikati, liandikwe na lipewe bei na muda wake. Ukikubali kwa mdomo tu, utajikuta unafanya kazi isiyoisha kwa hela iliyokwisha.

Mteja akikwambia anataka kila kitu mwezi ujao, muulize ni waraka upi unaomsumbua zaidi. Anzeni na huo.

Je, mdau, wewe umeshawahi kukuta faili lako limelala mezani kwa mtu? Lilikwama kwa nani? Tiririka hapo chini.