Neno la leo: Kufufua

Kinanda cha kwaya kikizimika katikati ya kusasishwa programu yake ya ndani, watu husema kimekufa, na fundi huombwa "akifufue". Nakitetea kitenzi hicho, kwa kuwa kinaeleza hali halisi kuliko "kutengeneza".

Tunatengeneza kilichovunjika: kitufe kilichong'oka, waya uliokatika. Hapa vitufe, spika na saketi ni vizima. Kilichoharibika ni maagizo yaliyoandikwa kwenye chipu ya kumbukumbu. Umeme ukikatika wakati ya zamani yamefutwa na mapya hayajamalizika kuandikwa, kinanda hakijui tena kifanye nini kikiwashwa. Mwili upo, uhai haupo.

Kufufua kunawezekana kwa sababu vinanda vingi huwa na programu ndogo ya kuwashia, iliyotengwa mahali pasipoguswa na usasishaji wa kawaida. Fundi hubonyeza vitufe vilivyotajwa na mtengenezaji huku akiwasha. Programu hiyo huamka na kusoma faili kamili kutoka kwenye flashi. Ikiwa nayo imefutika, hubaki kuiandikia chipu moja kwa moja au kubadilisha bodi.

Kiswahili hutenganisha pia kufufua na kufufuka. Kinanda hakifufuki chenyewe. Lazima awepo wa kukifufua. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kusasisha hakikisha umeme ni wa uhakika na faili ni ya modeli ile ile, na usizime chochote mpaka kazi iishe.