NYUMBA ZA KALE NA VIWANJA VYAKE

Leo, katika somo letu la historia, tutajifunza namna ya kuitembelea nyumba ya kale iliyofanywa makumbusho.

Watu wengi huingia ndani, hutazama vitu vilivyomo kabatini, husoma maandishi, kisha hurudi kwao. Hiyo ni nusu ya kazi. Nyumba hutueleza habari za mwenyewe. Kiwanja chake hutueleza habari za wale waliotumika hapo.

Tuchukue mfano wa Misheni ya Bagamoyo, iliyo katika Mkoa wetu wa Pwani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo kutoka Unguja mwaka 1868. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya masista mwaka 1876 ndiyo makumbusho leo. Mkishaitazama, tokeni nje, mtembee polepole.

Mtauona mnara wa kanisa la zamani. Februari 1874 maiti ya Livingstone iliwekwa hapo, kabla ya kusafirishwa hadi Uingereza. Mnara huo huitwa kwa jina lake. Lakini nani aliyeileta maiti hiyo? Waliibeba Susi, Chuma na wenzao, kutoka nchi iitwayo Zambia leo, kwa safari ya miezi 9 hivi. Mnara haukupewa majina yao.

Karibu yake pana mbuyu mkubwa, na shinani mwake hutokeza pete chache za mnyororo. Mgeni akiuona mnyororo Bagamoyo hudhani mara moja ni wa watumwa. Sivyo. Husimuliwa kwamba mama mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, alimfunga punda wake hapo; mnyororo ukasahauliwa, na mti ukanenepa ukaumeza. Basi jifunzeni hapo: msihukumu kwa macho tu, ulizeni kwanza.

Habari za watumwa zimo katika ardhi yenyewe. Mapadre waliwakomboa watoto kwa fedha katika soko la Unguja, lile lililofungwa mwaka 1873, wakawaleta Bagamoyo. Watoto hao walisoma, wakalima mashamba, wakajifunza ufundi. Walitoka utumwani, lakini hawakuwa na hiari ya kwenda watakako. Waliishi chini ya amri za misheni. Katika makaburi mtasoma majina ya wamisionari, ambao wengi wao walikufa wangali vijana kwa maradhi. Je, majina ya watoto wale tunayajua mangapi?

Wenzetu wa Kisarawe wana Pugu jirani yao. Misheni ya Wabenediktini ilianzishwa huko mwaka 1888, na Januari 1889 ikashambuliwa katika vita vya Abushiri. Baadaye Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Pugu, mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Nyumba aliyoishi baadaye, Magomeni, Dar es Salaam, ni makumbusho leo. Si ngome wala jumba la sultani. Ni nyumba ya mtu wa kawaida mjini. Basi msiseme kwamba kwenu hakuna historia kwa kuwa hakuna jumba la mawe.

Jambo hili ni la haraka. Mashamba ya zamani hupimwa na kuuzwa. Mwembe ukikatwa, na kaburi lisilo na alama likilimwa, ushahidi umekwisha. Mzee aliyejua ni nani aliyeupanda mwembe ule akifariki, hatutapata wa kumwuliza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu, ni nyumba gani ya zamani kuliko zote? Nani waliijenga kwa mikono yao?
2. Ni miti, visima au makaburi gani yaliyopo kiwanjani? Mzee gani anajua habari zake?
3. Nani kati yenu ataziandika habari hizo kabla ya mwezi huu kwisha?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.