Maumivu ya mtoto baada ya kukatwa mafindofindo (Macalder)

Mtoto akikatwa mafindofindo, mara nyingi pamoja na adenoidi, yaani nyama zilizo nyuma ya pua, huumwa siku 7 hadi 10. Maumivu huweza kupanda tena kati ya siku ya 3 na ya 7, naye keshafika nyumbani. Wakazi wa Macalder, mji wa migodi ya dhahabu huko Nyatike, Kaunti ya Migori, hulazimika kwenda mbali kupata daktari wa masikio, pua na koo, kwa mfano katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu. Uuguzi wa baadaye ni kazi ya mama au nyanya.

Dawa kuu ni parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kila saa 6, na ibuprofeni, miligramu 10 kwa kilo kila saa 8, daktari akiiruhusu. Zikitumiwa zote mbili hutuliza vizuri zaidi. Siku za kwanza zitolewe kwa saa, hata usiku. Ukingoja mtoto alie, atakataa kumeza hata hiyo dawa, asinywe maji, na koo kavu huuma zaidi. Mpe maji na uji uliopoa mara kwa mara. Kwa mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea sana kandokando ya Ziwa Viktoria, kupungukiwa maji ni hatari kubwa. Utando mweupe kooni si usaha, ni kidonda kinachopona. Sikio nalo huuma bila kuugua, kwa kuwa linashiriki mshipa wa fahamu na koo.

Kodeini asipewe kabisa, hata ikiwa ndani ya dawa ya kikohozi. Miili ya baadhi ya watu huigeuza kuwa mofini kwa kasi, mtoto akaacha kupumua usingizini. Baada ya vifo vya namna hiyo, Marekani iliikataza kwa watoto waliofanyiwa upasuaji huu mwaka 2013, na mwaka 2017 kwa wote walio chini ya miaka 12. Aspirini pia isitumiwe.

Damu mbichi ikitoka kinywani au puani, hasa siku ya 5 hadi ya 10, ni dharura, hata ikikatika yenyewe. Mzazi, tafuta mapema gari la kukubeba usiku, na damu ikionekana usingoje kuche.