Wimbi Nyuma ya Boti: Historia ya Leza na Kasi ya Elektroni Ikitazamwa Kutoka Ufukwe wa Mweru

Boti ya injini itokayo Nchelenge kwenda Kisiwa cha Kilwa, katika Ziwa Mweru, huacha nyuma yake wimbi linaloifuata. Mtumbwi mdogo ukiingia kwenye mteremko wa wimbi hilo husukumwa mbele bila mtu kupiga kasia. Mwaka 1979, Toshiki Tajima na John Dawson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipendekeza jambo la namna hiyo: mpigo mfupi wa leza upite ndani ya plazima, yaani gesi ambayo elektroni zimeachana na atomu zake, ili elektroni zidandie wimbi linaloachwa na mwanga. Istilahi ngeni haihitajiki hapa; kitenzi "kudandia" kinaibeba dhana nzima.

Wazo lilitangulia chombo. Leza zenye nguvu ya kutosha zilianza kuwezekana mwaka 1985, Donna Strickland na Gérard Mourou walipoonyesha njia ya kuurefusha mpigo, kuukuza, kisha kuubana. Walituzwa Nobel mwaka 2018. Hata hivyo, elektroni zilitoka na nishati za kila kiwango, kama samaki wa kila ukubwa katika wavu mmoja. Mwaka 2004 ndipo makundi matatu, ya Uingereza, Ufaransa na Marekani, yalipotangaza miale ya elektroni zenye nishati zinazokaribiana. Mwaka 2019, maabara ya Berkeley ilitumia leza moja kuchonga njia katika plazima na nyingine kusukuma elektroni, zikafikia elektroni-volti bilioni 7.8 katika sentimita 20.

Mashine za hospitali huongeza kasi ya elektroni kwa mawimbi mafupi ya redio ndani ya bomba la shaba, zao ambalo Zambia inalijua vyema. Kabla ya Hospitali ya Magonjwa ya Saratani kufunguliwa rasmi Lusaka mwaka 2007, wagonjwa walipelekwa Zimbabwe na Afrika Kusini kwa tiba ya mionzi. Baada ya hapo, mgonjwa wa Nchelenge alibakiwa na safari ya takriban kilomita 1,000.

Ni kosa kudhani kwamba ufupi wa mtambo wa leza ndio utakaoipunguza safari hiyo. Bomba la hospitali halizidi mita chache. Kinachogharimu ni kuta nene za zege, umeme usiokatika, mafundi, na wanafizikia wa tiba. Na leza nayo inavihitaji vyote hivyo.