Waliohesabu Ndoo

Mwaka 1966 watu wenye madaftari walianza kuonekana kwenye visima, chemchemi na mabomba ya Kenya, Uganda na Tanzania. Hawakuja kuchimba wala kutandaza mabomba. Walikuja kuhesabu: mama huyu ameteka mara ngapi tangu alfajiri, debe lake linachukua lita ngapi, katembea umbali gani, na nyumbani wako wangapi wanaoyasubiri maji hayo.

Kazi hiyo iliongozwa na watu watatu. Gilbert White alikuwa mwanajiografia wa Chuo Kikuu cha Chicago, na mkewe Anne alikuwa mtafiti mwenzake. Wa tatu, David Bradley, alikuwa daktari Mwingereza wa Makerere, enzi zile Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilipokuwa bado chini ya paa moja la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Walichagua maeneo 34, ya mjini na ya shamba, na kuzifikia kaya zaidi ya 700. Kitabu chao, Drawers of Water, yaani wateka maji, kilitoka mwaka 1972.

Siku hizi haipiti semina bila kuambiwa kwamba maji, nishati na chakula vimefungamana. Watatu hawa hawakuwa na msamiati huo, ila waliupima ukweli wenyewe: walikokotoa kalori anazotumia mtu kubeba maji hadi nyumbani. Pampu ni shingo ya mama, na mafuta yake ni ugali. Njaa ikiingia, pampu hiyo haizimwi.

Bradley naye aliacha jambo ambalo madaktari wanalitumia hadi leo. Aliyagawa maradhi ya maji kwa jinsi yanavyoenea. Kipindupindu humfikia mtu kwa kunywa maji machafu. Kichocho kinahitaji konokono wa majini. Malaria huletwa na mbu anayezaliana humo. Lakini upele na vikope vya macho hushamiri kwa sababu maji ya kunawa hayatoshi. Hapo ndipo hesabu ya ndoo ilipogeuka kuwa tiba. Mama anayefika nyumbani na debe moja atapika kwanza, na nyuso za watoto zitasubiri.

Tafiti nyingi huishia kabatini. Huu ulirudiwa, na kwangu hilo ndilo la ajabu zaidi. Mwaka 1997, taasisi moja ya mazingira na maendeleo ya London ikishirikiana na watafiti wa Afrika Mashariki, akiwemo Mark Mujwahuzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na James Tumwine wa Makerere, ilirudi kwenye maeneo yaleyale.

Wasio na bomba walikuwa wakitumia maji karibu mara mbili ya zamani, kutoka kama lita 11 kwa mtu kwa siku hadi 20 hivi. Wenye bomba ndio walioporomoka: kutoka takriban lita 128 hadi 66. Mabomba yalikuwa yamezeeka, watu wameongezeka, maji yanatoka kwa zamu. Kwa wanaoteka nje, muda wa kuteka kwa siku ulikuwa umepanda kutoka chini ya nusu saa hadi saa moja na nusu, sehemu kubwa ikiliwa na foleni. Debe lilikuwa limelipisha dumu la plastiki, na pembeni ya mama mwenye kata kichwani alikuwapo sasa kijana wa baiskeli au mkokoteni, anauza.

Tanzania ilikuwa imejiwekea mwaka 1971 lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400. Watafiti walipobisha hodi tena, mwaka huo wa lengo ulikuwa umepita kwa miaka sita, na mjini wapo waliokuwa na bomba uani huku wakitega masikio wausikie mlio wa mkokoteni.